Blanketi ya Muzee Twagirimana

Siku tatu nilikuwa naweka VPN mu société yetu ya mbegu. Ni njia ya kujificha mu internet: Emerance, agent wetu kule ku kijiji ya Kalengera, anabonyeza téléphone yake, anafungua liste za bureau ya Goma sawa vile amekaa hapa. Njia yote ilikuwa inapita mu kamachine kamoja keusi, pale bureau karibu na mulango. Informatique niliisoma myaka mbili, nikaacha. Lakini kale kamachine kalikuwa kananisikia.

Patron alishasema: "Vendredi saa sita, Emerance atafungua liste ya commande ya bakulima na kunisomea. Akishindwa, ninafunga bureau ya Kalengera." Emerance analisha batoto bane na ile kazi.

Jeudi, mbele ya ile vendredi, Muzee Twagirimana, sentinelle mwenye kulinda bureau, aliniuliza: "Mutoto yangu, haka kanafanya kazi gani?"

Mi na michezo yangu: "Papa, kanasikiliza. Yote unasema hapa, patron anaisikia kwake."

Muzee akavua kofia. "Bonjour, Patron." Nilicheka mpaka tumbo kuuma. Nikaenda bila kumwambia ukweli.

Vendredi nilikuwa kwa patron, ku nyumba yake. Saa sita, Emerance akapiga na téléphone ya jirani, patron akaweka haut-parleur, tukasikia wote.

"Inazunguka tu, haifunguke."

"Bonyeza tena, dada," nikamwambia.

"Mara ngapi? Kidole kitaisha!"

Nikamupigia muzee na téléphone yangu. "Papa, taa ya kamachine inawaka?"

"Nitaionaje? Nilikafunika na blanketi, nikakunja mara mbili. Bamama ba prière bako hapa banaomba Mungu tangu asubui, mumoja wao, Mama Philomène, analia mambo ya bwana yake. Patron asikie ile yote?"

"Papa, toa blanketi!"

Nikasikia anavuta blanketi, kisha: "Yoo! Kanachoma! Kananuka plastique!"

Muzee akasema taa imezima, na haikurudi.

"Patron, ni mimi," nikasema. "Nilimudanganya muzee. Unipatie mpaka lundi, siku tatu tu, nitatafuta kamachine kengine."

"Lundi utamudanganya nani?" Akainama ku téléphone. "Mama Emerance, utarudisha funguo ya bureau."

"Patron, ngoja, nibonyeze tena..."

Akakata.

Téléphone yangu ikalia. Alikuwa muzee, sauti chini sana. "Mutoto yangu, nimepiga magoti mbele ya kamachine, nimeomba patron pardon. Amejibu nini?"

Nikaangalia patron. Alishaanza kula.

"Amekataa, Papa."