Nilivyomshonea Mdogo Wangu Asiyekuwepo

Mimi sijawahi kudanganywa na mtu. Uliza mtaani kwetu, watakuambia yule bibi fundi cherehani ana akili kali kama wembe. Ila usimuulize kinyozi wa pale kona, maana alikuwepo siku niliponunua redio mpya kwa mchuuzi wa kupita, nikafungua boksi mbele yake kwa maringo, tukakuta kipande cha tofali kimeviringishwa vizuri kwenye gazeti. Wala usimuulize marehemu mume wangu. Huyo alinihakikishia miaka yote ya ndoa kwamba hakoromi.

Ukiwaacha hao, sijadanganywa. Ndiyo maana jirani yangu Bi Pasi alipoanza kwenda kwa Bi Pazia, nilijua kazi hiyo ni yangu.

Bi Pasi tunamwita hivyo kwa sababu maisha yake yote amekuwa akipiga pasi nguo za watu. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mwembamba mno, nikipiga chafya huku ananiambia pole kule. Nikimaliza kushona nguo nampitishia, anainyoosha, mteja anaikuta inang'aa. Mchana tunakula pamoja, na lazima aje na chumvi yake, anadai mimi na chumvi tuna ugomvi wa zamani. Zaidi yake sina mtu wa kuongea naye. Mwanangu yuko mbali. Hupiga simu akauliza, "Mama, hujambo?" na kabla sijavuta pumzi ya kumjibu, simu imekatika. Jioni namsikiliza mtangazaji kwenye redio yangu kuukuu, nabishana naye. Hanijibu, lakini nilishazoea, nilikuwa na mume.

Basi, Bi Pasi ana ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kimyakimya kabla hajajua kama linaumwa. Jicho la kulia, hospitali wakalipatia dawa ya matone, adondoshe kila siku bila kuruka. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulinda. Akawa anadondosha vizuri tu, mpaka mteja wake mmoja alipompeleka kwa Bi Pazia.

Bi Pazia anakaa mtaa wa nyuma, nyumba yenye zulia na maua ya plastiki. Anaketi nyuma ya pazia zito la kijani, anaongea na wafu. Unaleta nguo ya marehemu, unaipitisha chini ya pazia, anainusa, kisha marehemu anasema kwa kinywa chake. Bi Pasi alipeleka shati la mumewe. Mume akamwambia aache matone. Eti dawa ya hospitali inaziba njia. Eti jicho linalofifia huku ndilo linaloanza kuona upande wa pili.

"Na wewe ukakubali?" nikamuuliza.

"Ni mume wangu, Fundi."

"Mume wako alipokuwa hai alikukataza usipige pasi pekupeku, hukumsikia. Leo amekufa ndiyo umekuwa msikivu?"

"Wakati ule alikuwa hajui mengi."

"Kumbe kufa ndiko kumemsomesha!"

Alicheka, lakini chupa ya matone ilikaa juu ya kabati ikiwa na vumbi kifuniko chote. Wiki ile ile akachoma kola ya shati la mteja. Alisema pasi ndiyo mbovu. Mimi nilimuona alivyoinamisha uso karibu na nguo kama anainusa.

Nikapanga mtego. Mimi ni mtoto wa pekee. Mama yangu alinizaa, akanitazama, akaona inatosha. Kwa hiyo nikaamua kwenda kwa Bi Pazia kumtafuta mdogo wangu wa kike aliyefariki angali mdogo, yaani mtu ambaye hajawahi kuwepo. Akimleta tu, nasimama, namuumbua mbele ya Bi Pasi, matone yanarudi jichoni. Bi Pasi sikumwambia siri hiyo, kwa sababu uso wake hauwezi kuficha kitu. Nilimwambia tu kuna mtu wangu namtafuta.

Ila nguo ya marehemu ilikuwa lazima. Nikachukua vipande vya kitambaa cha maua madogo vilivyobaki kwenye kazi ya mteja, nikaketi kumshonea.

Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni fundi tu anayeweza kukosea namna hiyo. Nguo haishonwi bila vipimo. Kushona gauni la mtoto lazima ujue mabega yake yana upana gani, mikono imefika wapi. Mtu mwingine angekata tu. Mimi mkasi uligoma mkononi. Nikajiuliza, huyu mtoto yukoje? Nikampa mabega membamba kama ya mama. Nikaona atakuwa mtoto wa kukimbia, nikaongeza upana wa sketi. Nikaona atakuwa anaokotaokota vitu, nikamwekea mfuko. Kisha nikaona mfuko mmoja atalalamika, nikaweka wa pili. Nilipokata uzi wa mwisho nilikuwa najua mpaka anavyokunja miguu akikaa.

Nikalichovya gauni kwenye maji ya chai lipate uzee, nikalisugua kizingitini, nikang'oa kifungo kimoja. Ulikuwa uongo safi kabisa. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Alhamisi tukaenda, mimi na Bi Pasi, tukakaa kwenye benchi na wenzetu. Watu wa benchi lile hawaongei, kila mmoja amepakata nguo yake iliyokunjwa kama mtu anayesubiri kuchukuliwa vipimo. Zamu yetu ilipofika nikapitisha gauni chini ya pazia. Nilishaandaa maneno yangu, makali, na kidole cha kunyooshea.

Bi Pazia akavuta pumzi ndefu. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kitoto.

"Dada. Mbona umechelewa?"

Kidole kilibaki mapajani. Unajua, mimi naitwa Fundi, naitwa Mama, naitwa Bibi. Mitaani hata mwenye duka huniita "dada" akitaka ninunue. Lakini dada ile ya mtu aliyekuwa ananisubiri, sijawahi kuitwa.

"Usiogope kulala peke yako," ile sauti ikaendelea. "Mimi nakaa pale miguuni."

Nikajisikia nikisema, "Nimechelewa, mdogo wangu. Nisamehe."

Tulipotoka Bi Pasi alinishika mkono. "Umeona? Sasa unaamini?"

"Bado nachunguza," nikamjibu.

Nikachunguza Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nilikuwa mchunguzi hodari sana. Mdogo wangu aliniambia gauni lile alilirarua akipanda ukuta wa shule, nami nikalishona. Aliniambia ananiona nikila peke yangu jioni, nile vizuri. Nilijua ni uongo, tena uongo wangu mwenyewe unarudishwa kwangu umepigwa rangi. Bibi yeyote anayekuja na gauni la mtoto, unahitaji wafu kukuambia kwamba ana upweke? Nilijua yote hayo nikiwa nimeketi pale, na bado nilikuwa natega sikio nisikose neno.

Siku moja asubuhi nikasikia ukelele upande wa pili wa ukuta. Nikakimbia. Bi Pasi alikuwa ameweka pasi ya moto juu ya mkono wake wa kushoto, alidhani ni ukingo wa meza. Nilimwagia maji, nikafunika malengelenge kwa kitambaa safi. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Fundi, mkono niliuona mweupe. Kila kitu nakiona cheupe."

Pale nilijionea aibu, nikaona nimemwacha mwenzangu apofuke ili mimi nipate kuitwa dada.

Alhamisi hiyo sikupitisha gauni chini ya pazia. Nilisimama nalo.

"Bi Pazia, mimi sina mdogo. Sijawahi kuwa naye. Gauni hili nimelishona mwenyewe juzijuzi kwa vipande vya mteja, uzee wake ni wa majani ya chai. Sasa niambie, Alhamisi zote hizi nilikuwa naongea na nani?"

Pazia likatikisika kidogo. Bi Pasi alinigeukia, mdomo wazi.

Kumbe yule mwanamke ni mkongwe wa kazi. Akasema taratibu, kwa huruma, "Mama yako hakukuambia, mama. Kuna mimba zinazoharibika akina mama wasiseme. Yeye alikuwepo. Wewe ndiye hukujua, mikono yako ikajua."

Nitakuambia ukweli. Niliketi. Nilikumbuka mama alivyokuwa akinyamaza akiona mtoto mchanga. Nikafikiri, mabega yale membamba niliyatoa wapi? Mtego wangu ulikuwa umefyatuka, na aliyenaswa ni mimi.

Aliyenitoa ni Bi Pasi. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mkono wake wenye bandeji.

"Ngoja, ngoja, Bi Pazia. Mtoto hakuzaliwa?"

"Hakuzaliwa."

"Sasa gauni alilirarua vipi kwenye ukuta wa shule? Huko tumboni kulikuwa na shule?"

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa. Bi Pazia akasema mambo ya roho hayaulizwi hivyo.

"Basi naomba shati la mume wangu," Bi Pasi akasema, na hakuwa anacheka tena. Akainama, akaingiza mkono chini ya pazia, akalivuta mwenyewe. "Mume wangu alikuwa mbishi, lakini hakuwa mjinga wa kuniambia niwe kipofu."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alimgombeza kama mtoto, akatazama ndani ya jicho muda mrefu, akasema sehemu imepotea na haitarudi, ila kilichobaki bado kinaokoka akidondosha dawa bila kuruka. Jioni nilimdondoshea mimi, yeye mkono ulikuwa na bandeji. Tone la kwanza lilimwingia puani.

"Fundi, jicho liko juu zaidi."

"Tulia, nipime."

Kwa hiyo nilishinda. Ni ushindi mkubwa, usifanye mchezo. Binti yake Bi Pasi alipopata habari ya mkono ulioungua na matone yaliyorukwa, alikuja na gari, akafunga vitu vya mama yake, akamhamishia kwake ng'ambo ya mji, amsimamie dawa mwenyewe. Nani angemlaumu? Mimi mwenyewe nilimkunjia nguo. Pasi tuliiacha, binti alisema hataki kuiona.

Upande wa pili wa ukuta hakuna mtu sasa. Nguo za wateja nazinyoosha kwa mikono juu ya goti. Napika chakula nikikionja naona kweli hakina chumvi, nakila hivyo hivyo. Mtangazaji wa redio nimeacha kubishana naye, nimegundua mara nyingi anasema sawa, na mtu anayesema sawa hana faida kwako jioni.

Bi Pasi hunipigia simu. Kila akipiga huanza na swali lile lile: "Hujarudi kule?"

"Kule wapi?"

"Unajua kule."

"Mimi? Mimi niliyemuumbua? Nirudi nikafanye nini?"

"Haya," husema. "Matone nimedondosha." Kana kwamba tunabadilishana.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeketi, gauni la maua madogo limekunjwa mapajani, mifuko yote miwili imelala vizuri. Simu ikalia.

"Fundi, hujambo? Uko wapi?"

"Niko wapi tena! Niko nyumbani. Kazi imenibana, mteja anataka nguo yake leo leo."

"Mbona nasikia watu wanakohoa?"

"Ni redio."

"Ahaa. Na cherehani mbona siisikii?"

"Nilisimama kidogo kupokea simu. Ngoja." Nikainamisha kichwa, nikaweka simu karibu na mdomo, nikapigisha ulimi: "Trrrrr. Trrrrrrrrr." Mzee aliyekaa jirani yangu na kofia ya marehemu mkewe akasogea pembeni. Benchi zima likanitazama. "Trrrr. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

Ila sauti ile haikutoka kwenye simu peke yake. Niligeuza shingo. Bi Pasi alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, chumvi yake kwenye mfuko wa plastiki mkono wa pili, na jicho lake moja lililobaki limenikazia mimi, kisha gauni, kisha mimi tena. Nilitaka kumwambia nimepita tu, namletea mtu nguo yake. Lakini ulimi ulikuwa umechoka kwa kushona.

"Fundi," akasema, bado akiongelea kwenye simu, "cherehani yako ina mate."