Stima Ilipopotea Kisian

Emmaculate Akello aliendesha malori ya jeshi huko Somalia kabla ya kustaafu na kurudi Kisumu, ambako alipata kazi ya kuendesha lori la kuuza maji. Mdogo wake, Gordon, ana ukumbi wa video Kisian, kando ya barabara ya Busia. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi, kitambaa cheupe ukutani, na madirisha yaliyozibwa kwa nailoni nyeusi. Gordon hukaa karibu na kitambaa hicho na maikrofoni mkononi, akitafsiri sinema za kizungu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo. Watu humpenda kwa sababu kinywani mwake jenerali wa kizungu hulalamika kama mtu wa Ahero aliyepewa ugali mbichi.

Sinema za vita ndizo zilizojaza mabenchi kuliko nyingine zote. Mara nyingi Gordon alikuwa amemwomba dada yake, "Siku moja uje na wanajeshi wenzako. Tuangalie pamoja, halafu mtuambie gani ni ukweli na gani ni uongo." Emmaculate alikuwa akikataa kila mara. Alikuja kukubali kwa ajili ya Nabwire.

Nabwire ni mke wa Waswa. Waswa alikuwa koplo katika kambi ambayo lori la Emmaculate lilikuwa likiipelekea maji na chakula. Kambi hiyo ilishambuliwa alfajiri moja, na wachache sana walitoka wakiwa hai. Waswa alikuwa mmoja wao. Siku hizi analinda lango la boma moja Milimani, na yeye na mkewe wanaishi nyumba ya kupanga Migosi.

"Dada, huyu mtu haongei," Nabwire alimwambia kwa simu. "Akirudi kazini ni sinema za vita tu. Anafungua sauti mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Majirani wamechoka na sisi. Nikipunguza kidogo ananiangalia kama mtu hanijui."

"Anapenda gani?"

"Kuna moja ya wanajeshi wanalinda daraja. Bunduki hazinyamazi toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ameiangalia mpaka mimi mwenyewe najua nani atakufa."

Emmaculate alifikiri kwamba huenda Waswa akiizungumzia sinema mbele ya watu, atapata njia ya kuyazungumzia yake. Wakakubaliana wamlete ukumbini Jumapili, baada ya kanisa.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Waendesha bodaboda, kina mama wauza samaki, vijana wa gereji, wote walibanana kwenye mabenchi. Gordon aliwatambulisha wageni wake kwa mbwembwe, watu wakapiga makofi. Kisha akafunga mlango, akapitisha nondo ya chuma anayoitumia kama komeo ili watoto wa nje wasichungulie bure, na sinema ya daraja ikaanza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko Emmaculate alivyotarajia. Waswa aliketi mbele, kati ya Nabwire na Emmaculate, akacheka.

"Huyo bunduki yake haiishi risasi?" aliuliza kwa sauti. "Aniambie ananunua wapi."

Watu wakaangua kicheko. Gordon alipunguza sauti kidogo, akamwelekezea maikrofoni. "Na wewe, Mama Lori, unaona nini?"

"Naona hawana kiu," Emmaculate akasema. "Wamepigana toka asubuhi na hakuna aliyeuliza maji."

Wakacheka tena. Katika sinema bomu lilianguka, na mwanajeshi mmoja akarushwa juu, mikono imetanuka, akaanguka mtoni.

"Hapana," Waswa alisema. "Mtu akipigwa haruki hivyo. Anakaa chini tu, kama amechoka. Unamwita, unafikiri anapumzika."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nabwire alimtazama mumewe. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema hata hilo. Emmaculate naye alihisi mambo yanaanza kufunguka, akajiambia, taratibu, tusimharakishe.

Ndipo stima ikapotea.

Picha ilizima. Spika zilinyamaza. Feni iliyokuwa ikinguruma kwenye dari ilizunguka polepole, ikasimama. Mwanga uliobaki ni ule wa matundu ya misumari kwenye mabati, vitone vyeupe juu ya vichwa vya watu. Wengine walipiga miluzi, wakamzomea Gordon kwa utani kama kawaida.

"Tulieni, watu wangu," Gordon alisema akiinuka. "Naenda kuwasha jenereta."

Alipofika mlangoni alikuta Waswa ameshatangulia. Hakuna aliyemwona akiinuka.

"Rudi chini," Waswa alisema.

"Omera, ndugu yangu, nataka tu kutoka niwashe—"

Waswa alimshika kifua, akamsukuma mpaka akaanguka juu ya miguu ya watu wa benchi la nyuma. Kisha akaichomoa ile nondo, akaishika kwa mikono miwili, mgongo wake ukiwa umeuziba mlango.

"Wote chini! Msitoe sauti!"

Watu wachache walicheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Fundi mmoja wa gereji aitwaye Wanyonyi aliwasha tochi ya simu, akamulika mlangoni. "Mzee, kwani ni nini?"

"Zima taa!"

Nondo ilishuka. Simu iliruka, na Wanyonyi akapiga ukelele akiushika mkono wake. Hapo kila mtu akaelewa. Mabenchi yalipinduka. Mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti, mwingine akalia, na kelele zikawa nyingi mpaka barabarani wakasikia.

"Waswa!" Gordon alipaza sauti akiwa sakafuni. "Hii ni Kisian! Ni sinema tu, ndugu yangu! Uko Kisian!"

Waswa aligeuza kichwa upande wa sauti hiyo, akainua nondo. "Nani huyo anapiga kelele? Anataka tuuawe?"

Nabwire alikuwa amesimama, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alitaka kumwendea mumewe. Emmaculate alimvuta, akamkalisha.

"Usimwite," alimnong'oneza. "Akisikia sauti yako atazidi kuogopa. Atafikiri na wewe uko ndani ya hiyo kambi."

Emmaculate alikuwa ameelewa jambo moja ambalo hakuna mwingine pale angeweza kulielewa. Alfajiri ile ya kambi haikuanza kwa mlipuko. Ilianza kwa jenereta kunyamaza. Waliosalia walisema hivyo: jenereta ilizima, ukaja ukimya, na katika ukimya ule adui alikuwa tayari ameshafika kwenye waya wa uzio. Ndiyo maana Waswa alihitaji kelele nyumbani kwake. Kwake yeye bunduki zikiendelea kulia, maana yake mlinzi yuko macho.

Nje, mtu aligonga mabati kwa ngumi. "Kuna nini huko ndani? Fungueni!"

"Gaidi!" sauti ya kijana ilijibu kutoka ndani. "Kuna gaidi ameshika mlango!"

Neno hilo lilikimbia barabarani. Emmaculate alisikia pikipiki zikikata injini, miguu ikija mbio, na jiwe la kwanza likaanguka juu ya paa. Waswa akainama. Midomo yake ilikuwa inatembea, lakini sauti haikutoka. Jiwe la pili lilipoanguka alipiga hatua kuelekea watu, nondo ikiwa juu.

Emmaculate alisimama katikati ya benchi, mikono wazi.

"Koplo Waswa," alisema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwenye redio ya lori, bila haraka. "Koplo Waswa, hapa ni Akello wa msafara. Nipe ripoti."

Waswa alisimama.

"Nasema nipe ripoti, Koplo."

"Jenereta imezima." Sauti ilikuwa nyembamba, si yake. "Wako kwenye waya. Hatujui ni wangapi."

"Nimesikia. Watu wako wako wapi?"

"Wako hapa chini. Wengine hawajibu."

"Mimi nimefika. Lori liko nje na injini inawaka. Tunawatoa watu, mmoja mmoja. Wewe unalinda mlango, mimi nawaleta. Umenielewa?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Waswa puani. Jiwe jingine liligonga ukuta, na mwanamke aliyekuwa akiomba akanyamaza ghafla.

"Kwa nini mlichelewa?" Waswa aliuliza.

Emmaculate hakulitarajia swali hilo. Angeweza kusema hawakuchelewa, kwamba huu ndio wakati wenyewe, na huenda Waswa angeamini.

"Barabara ilikuwa imetegwa mabomu," alisema. "Tulikuja kwa miguu mbele ya magari, tukiipima hatua kwa hatua. Tulikuwa tunakuja, Waswa. Hatukuwaacha."

Waswa alivuta pumzi ndefu iliyokatikakatika. Akashusha nondo, akasogea kando ya mlango kama askari anayepisha, akaufungua nusu kwa bega.

"Wa kwanza," alisema.

Emmaculate alimshika mwanamke aliyekuwa akilia, akamnong'oneza apite akiwa ameinama na asikimbie. Alipita. Waswa alimwekea mkono kichwani, akamsukuma polepole kuelekea kwenye mwanga. Akafuata mama muuza samaki, kisha vijana wawili. Kila mmoja Waswa alimwinamisha kichwa kwa kiganja chake, macho yake yakichungulia nje. Wanyonyi alipita akiwa ameukumbatia mkono wake uliovimba. Waswa alimfunika shingo kwa kiwiko chake. "Chini, chini, ndugu yangu. Usiinue kichwa." Gordon alipita wa mwisho, na yeye pia aliwekewa mkono.

Ndani walibaki watatu. Emmaculate alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo, Koplo. Zamu yako imeisha."

Aliitoa. Akakaa chini ukutani, na alipoinua macho alimwona Nabwire. Alimtazama, kisha akaangalia mabenchi yaliyopinduka.

"Nimepiga mtu?" aliuliza.

"Twende nyumbani," Nabwire alisema.

Lakini nje watu walikuwa wakisubiri. Mbele yao alisimama mwendesha bodaboda mmoja, Nicodemus, jiwe mkononi, na nyuma yake wengine wengi. Emmaculate alitoka kwanza, akasimama mlangoni kwa upana wa mwili wake wote, Waswa na mkewe wakiwa mgongoni mwake.

"Mama, toka kando," Nicodemus alisema. "Hatuna ubaya na wewe."

"Huyu ni askari. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa anavunja watu mikono? Leo ametupiga, kesho ataua. Toka!"

Watu walisogea. Emmaculate alimsikia Nabwire akipumua karibu na sikio lake. Aliangalia jiwe lile na akajua likirushwa hatalikwepa, maana akilikwepa litampata aliye nyuma.

"Wacheni!"

Alikuwa Wanyonyi. Alipenya katikati ya watu, uso umekunjamana kwa maumivu, vidole viwili vikiwa vimepinda vibaya.

"Mkono uliovunjwa ni wangu, si wenu," alisema. "Nilipokuwa napita hapo mlangoni, huyu mtu alinifunika shingo kwa mkono wake. Alikuwa anajua nje kuna risasi. Kwa akili yake zilikuwepo. Na akaziba kwa mwili wake ili zinikose. Nani hapa amewahi kunifanyia hivyo? Wewe, Nicodemus?"

Nicodemus aliendelea kulishika jiwe kidogo, kisha akaliacha lianguke. Waliokuwa nyuma walinung'unika, mmoja akatema mate, lakini njia ikafunguka.

Emmaculate aliwapeleka wote watatu kwa lori la maji alilokuja nalo, Wanyonyi kwanza hospitali, halafu Waswa na mkewe Migosi. Alipobaki peke yake aliegesha kando ya barabara, akashindwa kuendelea kuendesha. Ilibidi Gordon aje kumchukua.

Hayakuisha hapo. Waswa alipoteza kazi Milimani, maana habari ilimfikia tajiri wake. Aliomba msamaha kwa Wanyonyi, akasamehewa, ingawa vidole havikunyooka vizuri. Na baada ya Nabwire kumsihi sana, alianza kwenda kwenye kikao cha wanajeshi wastaafu ambacho mshauri mmoja wa hospitali hukiendesha kila Alhamisi katika chumba cha kanisa. Emmaculate alisema anamsindikiza tu. Muda si muda akawa na kiti chake.

Gordon hakuonyesha sinema za vita kwa miezi kadhaa. Siku moja alimuuliza dada yake, "Lakini niambie ukweli. Kuna hata moja inayofanana na vita vyenyewe?"

"Zinafanana na kelele zake," Emmaculate alimjibu. "Wanaozitengeneza hawajui kuonyesha kusubiri. Mtu amelala chini ya tangi la maji usiku na mchana, anasikiliza kama kuna gari linakuja. Ungeonyesha hiyo, watu wako wangelala kwenye benchi."

Gordon alikubali kwamba wangelala.

Alhamisi moja, chai ikiwa imeshamiminwa, Waswa alimgeukia Emmaculate mbele ya wenzao.

"Ile siku uliniambia mlikuja kwa miguu. Ulisema hivyo kunituliza?"

"Hapana. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi nilijua mmekaa tu mnangojea kupambazuke. Miaka yote nimejua hivyo." Alikiweka kikombe chini. "Nani alikuwa anatembea mbele?"

"Walikuwa wanapokezana. Wa kwanza alikuwa kijana anaitwa Wechuli. Alikuwa na ile mashine ya kutafuta mabomu, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa lori, nafuata alama za viatu vyake."

"Yuko wapi siku hizi?"

Emmaculate alimtazama, akaona kwamba kweli hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Hakufika, Waswa. Tulimwacha huko barabarani, tukaendelea kuja kwenu."

Chumba kilikuwa kimya. Waswa aliusikiliza ukimya huo, mikono juu ya magoti, na hakuinuka.

"Alikuwa mtu wa wapi?" akauliza.

"Malava. Alipenda sana kuimba, na alikuwa anaimba vibaya."

"Niambie yote," Waswa alisema. "Anzia pale mlipotoka."

Emmaculate akaanza kumwambia.