Ngoma Iliyokatwa

Filamu ya Sohail ilioneshwa Kilindoni mara moja tu, ndani ya ghala la baba yake, mzee Alihussein, baada ya sala ya alasiri. Milango ilifungwa ili giza liingie, magunia ya mbata yakasukumwa ukutani, na shuka jeupe likatundikwa pale inapokaa mizani. Watu walijaa. Kidawa alijua kwamba wengi wao hawakufuata sanaa. Walikuja kumtazama Mfaume, aliyepigwa picha ndani ya filamu hiyo, akiwa kichaa, tamasha ambalo barabara ya Kilindoni iliwanyima tangu alipoanza sindano.

Kidawa alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na Mfaume alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa miaka kadhaa sasa Mfaume alichomwa sindano kila mwezi, akatengeneza mashine za boti, akala, akalala, na zile sauti zikamwacha. Ila mikono ilimtetemeka, na mtengeneza mashine mwenye mikono ya namna hiyo hudondosha nati majini. Alimwambia dada yake. Dada yake akamjibu kwamba kudondosha nati si ugonjwa.

Mama yao, Bi Sabra, hakuikubali sindano hata siku moja. Kwake mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mtu, tena mtu mzito, jini wa magofu ya Kua kule kisiwa cha Juani, ambako Mfaume aliwahi kupotea kutwa nzima ujanani. Mbaraka, mganga wa Juani, ndiye aliyethibitisha, na siku zote alikuwa tayari kumpigia ngoma ya jini huyo. Aliyezuia ni Kidawa. Basi wiki ile mama akamkuta mwanawe amechoka na mikono yake, wakaafikiana: Mfaume ataitazama filamu ajione mwenyewe alivyo. Ikionesha kuwa ana mtu, sindano ya kesho haendi. Atavuka kwenda kwa Mbaraka.

"Yaani siku hizi daktari wenu ni shuka la Alihussein," Kidawa alisema alipoambiwa.

"Mashine haina dada wala mama," Bi Sabra alijibu. "Itasema kweli."

Sohail alisimama mbele ya watu. Alikuwa kijana mpole aliyesomea filamu ng'ambo na kurudi na miwani mikubwa na mazoea ya kunyamaza kabla ya kujibu, hata akiulizwa saa ngapi. Alisema filamu yake inahusu maradhi ya akili, na haina hadithi.

"Msiitafute maana," alisema. "Iacheni tu iwapitie."

"Itupitie wapi?" sauti iliuliza kutoka nyuma, na ghala zima likacheka.

Kwanza lilikuja sikio. Sikio la Mfaume, kubwa kama mlango, likakaa pale mpaka watoto wakaanza kuulizana kama mashine imekwama. Kisha Mfaume akatembea kinyumenyume katikati ya magofu ya Kua. Kisha changu akahema juu ya mchanga. Kisha Mfaume akatembea kinyumenyume tena, safari hii uso wake umekatwa vipande na vipande vimegeuzwa juu chini.

"Na huyo samaki amekosa nini?" aliuliza mzee Muhidini.

"Kwangu angekuwa chunguni saa hizi," mwanamke mmoja akamjibu.

Safu ya mbele walikaa wageni wa Sohail kutoka Dar es Salaam. Kiongozi wao alikuwa Tumaini, mwalimu wa filamu chuoni, ambaye kila picha ilipopinduliwa alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. Kidawa aliwadharau hao kuliko wale waliocheka. Waliocheka walimwona mtu akitembea kinyumenyume, na ni kweli mtu alikuwa akitembea kinyumenyume. Hawa waliokuwa wakihema kwa hisia walikuwa wameona nini?

Kisha ngoma ikaanza. Ilianza chini kabisa ya picha, na ghala likanyamaza ghafla, kwa maana hapakuwa na mtu wa Kilindoni wala Juani asiyeijua.

Bi Sabra alimshika Kidawa goti. "Ndiyo hiyo," alinong'ona. "Ngoma ya jini wake. Mbaraka kampa yenyewe."

Sohail alikuwa amemwomba mganga ngoma ya Mfaume, na mganga, mtu wa haki kwa kazi yake, alimpigia yote mwanzo hadi mwisho, akairekodi. Sharti la ngoma hizo kila mtu alilijua, hata Kidawa aliyelidharau. Kwanza inapandisha. Halafu mdundo unageuka, jini anaulizwa jina, na hapo mwenye jini hawezi kukaa, lazima ainuke. Mwisho inateremsha. Aliyeinuka hushushwa salama, na aliyekaa kitako mpaka mwisho ameonesha kwamba jini huyo si wake. Ngoma kama hiyo ikianza haikatwi.

Sohail aliikata. Ilikuwa imepanda, karibu kugeuka, mara shuka likabaki jeupe na kimya kikatanda. Weupe mtupu, kwa muda mrefu, ndipo taa zikawashwa.

Hakuna aliyeondoka. Katikati ya ghala Bi Furaha alikuwa amekwishapandisha, macho yamegeuka, mabega yanaruka, sauti nzito ya kiume ikidai ubani. Bi Furaha alikuwa mwepesi wa mambo hayo. Aliwahi kupandisha kwa honi ya boti ya Nyamisati. Hata hivyo si vizuri kumwacha mtu amening'inia huko juu, hasa magharibi ikikaribia, na kwa sababu hiyo watu walikaa kimya wakisubiri ngoma imalizwe.

Tumaini aliinuka, macho yamelowa.

"Tazama, Sohail," alisema. "Hawawezi hata kuinuka! Nimezunguka na filamu nchi nzima, sijaona hadhira iliyozama namna hii. Na yule mama! Ule ni mwili unaoijibu picha."

"Yule mama anataka ubani," Kidawa alisema.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Dada yake mwenye sikio."

Mgeni mwingine, kijana wa kofia, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ameona utupu tu. Tumaini akamwambia kwamba utupu ndio wenyewe. Wakaanza kubishana palepale, mmoja akitaja ujasiri, mwingine akitaja usingizi, huku nyuma yao mzee Muhidini akigonga fimbo sakafuni.

"Kijana! Malizia ngoma, twende tukasali."

"Imekwisha, babu," Sohail alijibu, akisukuma miwani juu. "Ule ukimya ndio mwisho."

"Ule si mwisho. Ule ni umeme kukatika."

"Mwanangu," mzee Alihussein alimwita kutoka mlangoni, "hawa hawatoki, nakwambia. Nawajua. Wape ngoma yao, mimi nifunge ghala."

Sohail alieleza kwamba kipande kilichobaki kimo kwenye kompyuta, lakini akikicheza ataiua filamu. Maradhi hayana mwisho, alisema. Akiwapa watu mwisho, atakuwa amewadanganya.

Kidawa alimgeukia Mfaume. Alikuwa amekaa juu ya gunia, viganja amevibana kati ya mapaja ili visionekane.

"Hakuinuka," Kidawa alimwambia mama yake.

"Wameikata kabla ya jina," Bi Sabra alisema. "Ingefika, angeinuka."

"Labda," Mfaume alisema.

Kidawa alilisikia lile "labda". Lilitosha kumvusha mtu mpaka Juani. Akapima. Kwa kazi yake alijua kwamba mtu anayetarajia kuinuka huweza kuinuka, na kwamba ghala lililojaa watu wanaosubiri lina nguvu kuliko dawa nyingi. Ngoma ikichezwa na Mfaume akanyanyua japo kisigino, kesho hana mgonjwa, na baada ya miezi miwili atakuwa akimtafuta tena vichakani. Isipochezwa, "labda" itamchukua vilevile. Hakuamini jini hata mmoja wa visiwa hivyo. Lakini hiki ndicho kilikuwa kipimo pekee ambacho mama yake angekubali majibu yake.

"Cheza," alimwambia Sohail.

"Hata wewe, dada Kidawa? Wewe si mtu wa sayansi?"

"Ndiyo maana. Kipimo hakiachwi nusu. Cheza."

"Na ichezwe," Bi Sabra alisema. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa miaka.

"Mnaiharibu kazi ya mtu!" Tumaini alilalama, lakini Sohail alikuwa amekwishainamia kompyuta, uso umemwiva.

Ngoma ilirudi, shuka likiwa jeupe vilevile. Ilipanda, kisha mdundo ukageuka. Bi Furaha aliinuka mzimamzima na viti viwili vikaanguka. Upande wa ukutani msichana mmoja naye akainuka. Bi Sabra hakuwaangalia. Alikuwa akimtazama mwanawe usoni, na Kidawa alikuwa akiitazama miguu yake, ndani ya kandambili za bluu. Miguu haikutikisika. Mdundo ukauliza jina mara ya pili, na Kidawa akauona mdomo wa Mfaume ukifunguka polepole, ukifunguka zaidi.

Mfaume alipiga mwayo.

Ulikuwa mwayo mrefu, wa sindano, uliomtoa machozi. Akaufuta kwa mkono wa shati na kuketi vizuri. Ngoma ikateremka, ikakoma. Bi Furaha alikaa chini, akaomba maji, akauliza kama filamu imekwishaanza.

Sasa watu waliinuka. Wengine walitoka wakisema Sohail amewadhihaki wagonjwa, wengine wakisema si neno, ngoma ilikuwa nzuri, tatizo lile sikio. Tumaini alimwambia Sohail kwamba wameigeuza filamu kuwa matibabu. Kijana wa kofia akasema basi ndipo ilipopata maana, na wakaendelea kubishana mpaka nje, kila mmoja akiwa na hakika juu ya maradhi ambayo hakuna kati yao aliyemuuliza mwenyewe.

Bi Sabra alibaki pale gunia lilipo.

"Hukuinuka," alisema.

"Sikuinuka, mama."

"Huenda si wa Kua. Huenda ni wa Shungimbili."

"Mama, nimekaa ngoma nzima ya Mbaraka. Sasa unataka nikalie na ya kila kisiwa?"

Bi Sabra alivuta mtandio wake, akaukunja, akaukunjua. "Basi ni maradhi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Jini angeweza kupungwa akaondoka.

Kidawa alikuwa na la kusema, na lilikuwa tamu. Mfaume alimwahi.

"Nawe usitabasamu. Sauti zangu hamkuzijua, si wewe wala mama. Nilimwambia Sohail zilikuwa kama mtu mwenye mafua anayesoma matangazo ya vifo redioni. Akasema haipendezi, akaweka ngoma."

"Mimi hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza zipo au hazipo."

Alihussein alikuwa ameanza kufungua milango, mwanga wa jioni ukaingia hadi kwenye magunia. Mfaume alitoa viganja alikokuwa amevibana, akavinyoosha mbele ya dada yake.

"Kesho nakuja. Lakini kabla hujanichoma, tunakwenda kwa daktari na hii mikono, na wewe mwenyewe ndiye utakayeisemea."

Kidawa aliitazama kwa makini, kama anavyotazama mikono ya watu wengine. Ilitetemeka kuliko alivyokuwa akijiambia.

"Njoo mapema," alisema.

"Nitakuja nikiamka. Si unajua dawa yako inavyolaza?"