Krediti za Marehemu Toua

Toua Vang alikuwa akisema, mdomo umejaa wali wa kunata, kwamba bado haijachapwa fomu ya kumshinda yeye. Pale mjini Saint Paul alikuwa amewajazia nusu ya wazee wa Kihmong, wakimbizi kutoka milima ya Asia, fomu zao za ukimbizi na za kodi, na mara moja alijaza hata ya mbwa wa jirani. Kwa hiyo bunge la jimbo lilipoamuru vyuo vya umma viwape Wahmong kisanduku chao cha kabila kwenye fomu ya usajili badala ya kuwarundika na wengine wote kwenye "Asia", Toua aliijaza upya fomu yake ya chuo sebuleni, mbele ya baba mkwe, Mzee Wa Meng Thao.

Mwaka huo mzee alikuwa amemchinjia nguruwe na kumpa jina la utu uzima, kama apewavyo Mhmong aliyekwisha kuoa na kuzaa: Chong Toua. Kuandika jina la utotoni mbele ya mkwe aliyechinja nguruwe ni kumtemea mate. Basi akaandika Chong Toua Vang, akatia alama kwenye Hmong.

Asubuhi mkewe, Kaying, aliamka katikati ya wanaume wawili, wote mumewe. Akaweka sahani mbili.

Chong Toua alikuwa na mke, mtoto na kisanduku kipya. Toua alibaki na kisanduku cha Asia na krediti zote za masomo aliyokwisha kufaulu, umebaki muhula mmoja tu awe mwalimu na aachane na kazi ya kiwanda cha kuchinja bata mzinga. Kitanda hakikuwatosha. Toua akahamia kwenye kochi.

Chuoni, Bi. Lindquist wa usajili aliwatazama juu ya miwani.

"Mapacha wa fomu. Kaeni basi, mbona mmesimama kama nguzo?"

Akawaeleza kwamba kwa sheria nyingine ya jimbo shahada ni krediti mia moja na ishirini, na chuo hakiruhusiwi kudai zaidi wala kutoa kwa pungufu. Huyu Chong Toua hakuwa na hata moja.

"Basi nimalizie mimi," akasema Toua.

"Fomu mpya imekifuta kisanduku chako, mpenzi. Asiye na kisanduku hasajiliwi."

"Mpe huyu krediti zangu."

"Mtu hai kumpa mtu hai ni udanganyifu." Bi. Lindquist akavuta droo. "Marehemu, lakini, hurithiwa."

Chong Toua ndiye aliyetangulia kusema.

"Kaka, wewe huna mtoto."

"Na yule nyumbani ni wa nani?"

"Kwenye karatasi, kaka. Kwenye karatasi."

Mzee Wa Meng aliitwa awe shahidi. Alisaini, kisha akampa Toua kalamu yake, naye Toua akasaini kifo chake. Tangu siku hiyo theluji iliyomtua mabegani haikuyeyuka hata alipokaa kando ya jiko.

Aliomba mazishi tu. Apigiwe filimbi ya qeej, imwonyeshe njia ya kurudi alikozaliwa. Bila hiyo angebaki akizungukazunguka.

"Ng'ombe, ngoma, wageni siku kibao?" akasema Chong Toua. "Nina mtihani, bwana. Kwani kochi lina kasoro gani?"

Toua akarudi kiwandani. Msimamizi alimpenda sana, maana chumba cha baridi hakikumsumbua tena.

Siku ya mahafali sebule ilijaa. Chong Toua, ndani ya joho, aliwaambia wageni kwamba amesoma kwa jasho lake mwenyewe na hakumuumiza mtu.

"Na yule mwenye theluji jikoni, aliyetupa mgongo?" akauliza shangazi yake, Bi. Mao.

"Yule? Kibarua tu, shangazi. Tumemwazima mgahawani."

Mzee Wa Meng akautoa mfupa mdomoni.

"Acha uongo, mkwe wangu. Huyo ni marehemu wako. Shahidi nilikuwa mimi, na kalamu ilikuwa yangu."

Kaying akakitazama kikombe chake.

"Si ungesema mapema!" akasema Bi. Mao. "Kama ni marehemu, mwambieni atuletee sufuria la mchuzi. Hataungua."

Toua akaliepua motoni kwa mikono mitupu, akapita nalo katikati ya wageni. Chong Toua akakusanya joho lake, lisije likamwagikiwa.