Mstari wa Mkia wa Kenge

Nchi ya Madimbwini ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulianzia kwenye usingizi wa Mfalme. Mfalme Kiboko alikuwa analala mchana kutwa ndani ya maji, pua na masikio tu nje, na kila kitu nchini kinasubiri aamke. Mgongoni kwake alikaa Waziri Yangeyange, mweupe pe, utadhani matope ya nchi ile yanamhusu kila mtu isipokuwa yeye. Mfalme akipiga mwayo, Waziri anawaeleza watu maana ya mwayo. Mfalme akikoroma, Waziri anatoa tamko.

Nchi iligawanywa kata, na kila kata ilikuwa na kigoda chake barazani. Kigoda kimoja, kura moja. Hapo utasema mbona sawa tu. Sasa zisikie hizo kata. Kata ya Dimbwi la Juu, wakazi wake Kiboko mmoja na mkewe. Kata ya Dimbwi la Kati, ya shemeji yake Mfalme, ambaye hata huko Kati hakai, muda wote yuko Juu anakula. Kata ya Dimbwi la Chini ndiyo usiseme. Dimbwi lilishakauka zamani, halina hata chura, lakini kigoda chake kipo, na amekikalia Kijana Kiboko, mpwa wa Mfalme, anayekuja barazani amejipaka matope ya kuazima.

Halafu kulikuwa na Kata ya Kichakani. Huko waliishi kanga, tena wengi mno, wakitembea vumbi linaonekana mpaka ng'ambo. Hao wote kigoda kimoja. Na aliyekaa juu ya kigoda hicho alikuwa Mama Kishungi, diwani wao.

Mama Kishungi hakuingia udiwani kwa kupenda sifa. Aliingia kwa sababu ya maji. Watu wa Kichakani walikuwa wamepangiwa kunywa sehemu moja tu, Kivukoni, na Kivukoni ndiko alikokaa Mamba. Palikuwa na sehemu nyingine nzuri, Mchangani, maji ya kifundo cha mguu, meupe, hata jani likizama unaliona. Lakini Mchangani palitengwa kwa ajili ya viboko kuota jua, na viboko wenyewe jua walikuwa hawalipendi. Kwa hiyo pale palikaa patupu mwaka mzima, pamelindwa.

Kiangazi kilichopita mwanawe wa mwisho, kifaranga ambaye hata madoa yalikuwa hayajamkolea, aliinama Kivukoni anywe na hakuinuka. Maji yalitikisika kidogo, yakatulia. Mama Kishungi alikuwa ameshika njia mbele, akasikia tu wale wa nyuma wamenyamaza.

Tangu hapo kila baraza likikaa anaomba Mchangani pafunguliwe. Anaomba, kura inapigwa, viboko wanainua vichwa, imekwisha. Hata akilia, akibembeleza, akileta wajane na wagane wamwage machozi, kura yake ni moja na zao ni zote zilizobaki. Mpaka siku moja akaona kumbe muda wote alikuwa anaomba kitu ambacho sicho.

"Mtukufu, leo sina shida na maji," alisema, na viboko wakashtuka kidogo, maana walishajiandaa kuinua vichwa. "Shida yangu ni vigoda. Sisi Kichakani tunalala tunakanyagana, tuna kigoda kimoja. Dimbwi la Chini hakuna mtu, lina kigoda kimoja. Naomba mipaka ya kata ichorwe upya, tugawanywe kulingana na wingi wetu."

"Hakuna mtu kivipi, mama?" Kijana Kiboko akauliza. "Si mimi hapa?"

"Wewe unaishi kwa mjomba wako, mwanangu."

Baraza zima likacheka, hata Waziri Yangeyange akaficha mdomo kwenye bawa. Lakini alipoutoa, sauti yake ilikuwa laini kama kawaida.

"Mheshimiwa diwani, mipaka hii tumeirithi, na Mtukufu anaiheshimu. Wingi wenu ni neema. Usiugeuze malalamiko."

Basi bwana, Mama Kishungi akarudi kichakani na jibu hilo, na kichaka kikawaka. Sasa, kama hujawahi kusikia kanga akilalamika, shukuru. Ni sauti ya mlango wa bati usiotiwa mafuta, tena mlango unaofunguliwa na mtu mwenye hasira. Zidisha kwa kijiji kizima. Wakaanza kupiga kelele mchana, jua la utosi, saa ambayo Mfalme usingizi wake ndio mtamu. Hawakumtukana mtu, hawakuvunja kitu. Walisema tu neno moja, mipaka, mipaka, mipaka, mpaka Waziri akakosa cha kutafsiri, kwa sababu Mfalme alikuwa hapigi tena mwayo wala hakoromi. Alikuwa macho, tena macho mekundu, anawaangalia watumishi wake kama anawaona kwa mara ya kwanza, na hicho kitu kiliwatisha kuliko njaa.

Mwisho Mfalme akasema mwenyewe kwa mdomo wake: "Wapeni wanachotaka, nilale."

Siku ile Kichakani watu walicheza hadi manyoya yakapukutika. Mpaka wa zamani ulifutwa palepale. Alitumwa Kijana Kiboko akabiringike juu yake, na wote walikubali kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa bidii.

Kuchora mpaka Madimbwini ilikuwa kazi ya Kenge. Yeye alikuwa anatembea na mkia wake unaburuta nyuma, na pale mkia ulipopita, mstari uliobaki mchangani ndio mpaka. Jioni Mfalme anatoka majini, anauangalia. Akiuona kwa macho yake, umekuwa sheria. Na mila ilisema kata inayochorewa mpaka ndiyo inayomlisha Kenge, tena chakula anachokipenda yeye.

Kenge anapenda mayai.

Taarifa hiyo ikafika Kichakani. Jirani yake Mama Kishungi, jogoo mmoja wa kanga aitwaye Ndevu, ambaye hajawahi kuliacha jambo lipite bila kulisema, akauliza kama amesikia vizuri. Yaani yule anayewaibia mayai usiku, leo wampelekee mchana, kwenye sahani, ili awatendee haki?

"Ndiyo utaratibu, Ndevu."

"Huo utaratibu umewahi kutaga?"

Mama Kishungi akarudi kukaa kwenye kiota chake. Alikuwa na mayai yake chini ya mwiba, ya kwanza tangu mwanawe aondoke, na alikuwa ameyaatamia kwa woga, kama mtu anayeficha mshumaa kwenye upepo. Aliinuka, akayasukuma kwa mdomo moja baada ya jingine mpaka miguuni kwa Kenge. Alijua asipoanza yeye hakuna atakayeanza. Kina mama wenzake walimwona, wakaenda kuchukua ya kwao. Kenge alikula polepole, kwa adabu, kila yai anasema asante mama, asante dada. Alisema hajawahi kuona kata yenye ukarimu namna ile na atawachorea mstari mnyoofu, kata nne mpya, mambo safi.

Kata nne ni vigoda vinne. Mama Kishungi hakuwa na elimu kubwa, ila hapo hakuhitaji. Vinne vinawashinda viboko. Vinne ni Mchangani.

Asubuhi ya kuchora, Waziri Yangeyange alikuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza miguu yake imekanyaga vumbi la Kichakani. Aliwapongeza. Akasema ni aibu mpaka wa wananchi kuchorwa kimyakimya, Kenge peke yake kama anayezika mtu asiye na ndugu. "Mpaka ni wenu," akasema. "Usindikizeni." Na wakati anasema hivyo alikuwa haangalii nyuso zao, alikuwa anaangalia miguu. Mama Kishungi alilikumbuka hilo baadaye. Wakati ule aliona ni unyenyekevu.

Kanga wana namna yao ya kutembea, waliyozaliwa nayo. Hawatembei kundi, wanatembea mstari, mmoja nyuma ya mmoja, na kila mmoja anatia mguu palepale mwenzake alipoutoa. Hata uwape uwanja mpana wa kulima, watapita pembamba. Ndivyo mama zao walivyopita kwenye majani marefu, na ndivyo wanavyopita hata pasipo na majani.

Basi Kenge akatangulia, mkia unaburuta, mstari unachoreka nyuma yake mzuri, mwembamba, umenyooka. Nyuma ya mkia akafuata Mama Kishungi, kifua mbele, anaimba. Alikuwa anauona mstari kabla ya mguu wake, kila hatua, na hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Nyuma yake Kichakani yote ikafuata, wanaitikia, wazee, wagonjwa, mama wasio na mayai, mguu juu ya mguu. Walizunguka mashariki, wakakata katikati, wakashuka mpaka karibu na maji. Siku nzima. Yeye macho yake yalikuwa mbele tu. Aliye mbele huwa hageuki, njia yenyewe inamtazama yeye.

Jioni Mfalme akatoka majini, maji yanamchuruzika, madiwani wote nyuma yake. Akasimama pale mstari ulipoanzia. Akainamisha kichwa kile kikubwa.

"Uko wapi?" akauliza.

Mama Kishungi akaja mbio kuonyesha, akakuta nyayo. Nyayo za kanga, vumbi limetifuliwa, nyayo juu ya nyayo kuanzia mashariki mpaka majini. Akakimbia mbele, akainama. Nyayo. Akakimbia tena. Hata alama ya mkia haikuonekana popote.

"Ulikuwa hapa, Mtukufu. Nimeuona. Nimetembea nao."

"Umetembea juu yake," alisema Waziri, kwa upole kabisa.

Kenge akaitwa aseme. Tumbo lake lilikuwa limemtangulia kufika. Akasema yeye ameburuta, na kazi yake ni kuburuta, kulinda hajawahi kuajiriwa. Akacheua. Akaomba radhi.

Mama Kishungi akaomba achore tena, hata sasa hivi, wao watakaa mbali, watafunga hata midomo. Waziri akamkumbusha mila, kwamba kila kuchora kuna chakula chake. Akauliza kama Kichakani kuna mayai. Akasubiri jibu kwa heshima, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi tubaki na mpaka wa zamani," Mama Kishungi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kigoda kile kimoja."

"Ule mlitaka ufutwe," alisema Mfalme. "Nikaufuta. Huu mmeufuta wenyewe. Sasa kata isiyo na mpaka naipaje kigoda, mama? Nitakiweka wapi?"

Na kweli alionekana anauliza, hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ameshalala vizuri tangu kelele ziishe.

Uamuzi ulitolewa hapohapo. Kichakani, kwa kuwa haina mpaka, imeunganishwa na kata jirani, Dimbwi la Chini. Yule Kijana Kiboko, aliyekuwa diwani wa kata isiyo na mtu, akawa kwa usiku mmoja mwenye kata yenye watu wengi kuliko zote nchini, na Waziri akatangaza kwamba malalamiko ya muda mrefu kuhusu kata tupu yamepatiwa ufumbuzi. Kijana alisimama akawaambia wakazi wake wapya kuwa anawapenda, na maji watakunywa palepale walipozoea.

Usiku hakuna aliyelala kichakani, na hakuna aliyepiga kelele pia. Watampigia nani? Ndevu alikuja akasimama karibu na ule mwiba wa Mama Kishungi, chini yake patupu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli.

"Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa kwenye msafara," alisema. "Nilikuwa nakanyaga vumbi tu. Sikuona mstari hata kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nikajua uko mbele."

Kiangazi kikashika. Umande waliokuwa wakinywa ili wasiende Kivukoni ukaisha kwenye majani, matunda pori yakakauka, na siku ikafika ambayo wagonjwa walianza kulala chini bila kuamka. Mama Kishungi alikuwa si diwani tena, hana kigoda, hana kura, lakini alipoinuka asubuhi ile kwenda kutafuta maji wote waliinuka. Hakuwaita. Alitoka, akasikia nyuma yake mguu, na nyuma ya huo mguu mwingine, mpaka mwisho wa kichaka.

Walipita karibu na Mchangani. Maji yalikuwa palepale, meupe, hayana mtu. Ukingoni alilala shemeji wa Mfalme, mdomo wazi, meno nje, analinda jua ambalo hakuna aliyelitaka. Msafara ukapita bila kugeuza kichwa.

Kivukoni maji yalikuwa ya kijani na yametulia. Yametulia mno. Mama Kishungi alisimama kucha zake zikigusa unyevu, akaona pale katikati gogo ambalo zamani halikuwepo. Kiu ilikuwa imemkaba mpaka macho. Akafanya kitu ambacho kanga wa mbele hafanyi. Akageuka.

Aliziona nyuso zao. Maisha yake yote alikuwa amewaongoza hawa na hakuwahi kuziona kwa pamoja, zimejipanga hadi juu ya mwinuko, midomo wazi, zinamtazama yeye. Zote zinamwamini.

"Msinifuate," aliwaambia. "Tawanyikeni. Kila mtu apite kwake."

Aliyekuwa wa pili alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Akamgeukia wa tatu, akamwambia, msinifuate, tawanyikeni. Wa tatu akamwambia wa nne. Neno likapanda mwinuko kutoka mdomo hadi mdomo, safi, hakuna aliyekosea hata kidogo, likafika mpaka kwa Ndevu kule mwisho, naye akageuka kutafuta wa kumwambia, akakuta hakuna mtu. Akageuka tena mbele.

Na kila aliyekwisha kulisema alipiga hatua moja, akatia mguu palepale mwenzake alipoutoa.