Shangazi Aliyecheka Ukutani

Jana usiku niliota niko Tabora, mlangoni mwa makumbusho madogo ya propaganda, ghorofani juu ya mashine ya kusaga mahindi.

Mlinzi alikuwa kipaza sauti cha bati. Hakuwa na mwili, ila alikuwa na cheo.

"Ingia kifua mbele," akaniambia.

Kifua changu kikatangulia ndani. Mimi nikakifuata na sehemu zilizobaki.

Mle ndani kila kilichoandikwa ni lazima kitimie. Chini ya bango la "Sote Ni Kitu Kimoja" wageni watatu wamegandana mabega, wanabishana kama waende msalani au la. Nikawasalimu mara moja tu, nikaona inatosha.

Kwenye ukuta wa mwisho namkuta Shangazi Nyamizi, dada yake baba. Alichorwa angali msichana, kapu la pamba kichwani, meno yote nje. Chini yake pameandikwa: "Mwaka Huu Mavuno Tele." Nyumbani kila mtu anajua kwamba mwaka ule mvua haikunyesha. Shangazi alifariki bila hata kuliona bango lenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Taya zinaniuma. Mchoraji aliniambia nicheke kidogo tu, halafu niende zangu kuchota maji. Nitacheka mpaka lini?"

"Mpaka mwaka huu uishe," kipaza sauti akadakia.

"Unaisha lini?" nikauliza.

"Hauishi. Umeshaandikwa."

Mara ukumbi unageuka shamba la pamba, limekauka hadi kwenye upeo wa macho. Bango limesimama katikati yake. Makofi yanapigwa, wapigaji hawapo.

Nikavuta debe, nikapanda, nikamshika shangazi kiunoni.

"Haruhusiwi kushuka," kipaza sauti akasema. "Maneno hayawezi kubaki bila mtu wa kuyachekea."

"Basi yachekee wewe."

"Mimi sina meno."

"Na mavuno je, yalikuwepo?"

Kipaza sauti akakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Nadhani katika kazi yake hakuwahi kuulizwa kama maneno ni ya kweli. Makofi nayo yakapungua, yakawa ya mtu mmoja, kisha huyo naye akaona aibu.

Shangazi akafumba mdomo, polepole, kama anayefunga mlango uliopata kutu. Kumbe alikuwa na uso mkali, wa mtu asiyetaniwa. Nilimpenda zaidi hivyo.

"Nishike, nisije nikaanguka," akasema. Akanikamata mkono, akaruka chini, akalivua kapu na kuliweka juu ya kipaza sauti. Kisha akaondoka kuelekea kisimani, bila kuaga.

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu Mbuke amesimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Umeshika nini wewe?"

Nikautazama mkono. Alama za vidole vinne na dole gumba, rangi nyekundu ya mabango, mbichi kabisa.

"Shangazi amekuja," nikasema.

"Basi aje afue na shuka."