Upepo wa Tairi la Nyuma

Fyoo, fyoo, fyoo. Nyumba ile haikuamshwa na saa wala jogoo. Iliamshwa na pampu ya baiskeli, kabla hapajakucha, sebuleni pale penye sakafu ya saruji. Bibi aliikanyaga pampu kwa miguu yote miwili, akashika mpini, akawa anainama na kuinuka taratibu, huku jicho liko kwenye geji. Mshale ulipofika kwenye alama nyekundu, aliacha. Alama hiyo aliiweka mwenyewe, kwa rangi ya kucha ya binti yao, siku nyingi zilizopita.

"Mama watoto," mumewe aliita kutoka jikoni, "hilo ni tairi au mtungi wa gesi?"

"Ukipungua wewe, nalo nitalipunguzia. Njoo ukae."

Mtaa mzima ulimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa cherehani. Alizunguka nyumba hadi nyumba na sanduku la vifaa nyuma ya baiskeli, akiwatengenezea washonaji mashine zao hukohuko majumbani. Alikuwa mkubwa wa mwili, mabega kama kabati, na kicheko chake kilitangulia kufika kuliko yeye. Mkewe naye hakuwa mwepesi. Jirani yao muuza maziwa alipenda kusema kwamba hao wawili wakikaa upande mmoja wa nyumba, itainama.

Zamani, kabla ya alama nyekundu, Bonge alipata pancha karibu kila wiki. Alipenda tairi laini, alisema linamhurumia makalio. Akawa anarudi jioni akisukuma baiskeli, jasho likimtiririka, akilaumu misumari ya watu. Mwishowe Bibi aliuchukua mpira wa ndani akaenda nao kwa fundi baiskeli wa pale kwenye kona. Fundi akauzamisha kwenye beseni la maji, akamwonyesha matundu mawili yaliyokaa sambamba.

"Shemeji, huu si msumari," alisema. "Upepo ni mdogo na mzee wetu ni mzito. Akipanda jiwe, rimu inashuka na kuubana mpira. Inauuma, namna hii." Akambana Bibi kwenye kidole kidogo cha mkono kwa kucha zake mbili, wakacheka.

Akamfundisha bila haraka, kama mtu asiye na mteja mwingine duniani. Mtu mzito afunge tairi pana. Gurudumu la nyuma lipate upepo zaidi ya la mbele, kwa kuwa nyuma ndiko mwili unakokaa, na sanduku pia. Asivuke kamwe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kiasi linaweza kupasuka, na hata lisipopasuka huruka juu ya mawe na kuteleza kwenye kona. Kidole gumba hudanganya, kwa hiyo atumie geji.

"Na ukishamaliza, mkalishe juu yake," alisema fundi. "Wewe chuchumaa, utazame pale tairi linapogusa chini. Liwe limevimba kidogo, kama shavu la mtu aliyetia tonge. Likilala kabisa, ongeza. Lisipovimba hata chembe, umelizidishia huyo aliyekaa."

Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba yao. Bonge alikaa juu ya tandiko, kiganja kimoja ukutani, miguu juu ya pedali. Ukuta ule ulikuwa na doa la mkono wake ambalo Bibi hakulifuta hata walipopaka rangi. Yeye alichuchumaa nyuma na tochi.

"Limevimba shavu?"

"Limevimba. Nenda."

Katika nyumba ile, neno hilo lilikuwa na uzito wake. Bonge hakuondoka bila kulisikia, hata siku walizonuniana.

Mwaka huu suruali zake zilianza kumvuka. Bibi alizipunguza kiunoni kwa cherehani ambayo yeye mwenyewe Bonge aliifufua, akasema kitambaa cha siku hizi hulegea kikifuliwa. Bonge akakubali, kitambaa cha siku hizi hakifai. Alitoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Wakaenda hospitali pamoja. Daktari, kijana mpole, aliwavutia viti vyote viwili vikae karibu kabla hajasema neno. Ugonjwa ulikuwa tumboni na ulikuwa umekwenda mbali. Watampa dawa za maumivu. Kuhusu kupona, hakutaka kuwadanganya.

Walirudi nyumbani, wakala kidogo, wakalala. Alfajiri Bibi akaamka, akakanyaga pampu, akajaza hadi kwenye alama nyekundu.

Bonge akakaa. Bibi akachuchumaa akamulika. Tairi lilisimama juu ya saruji kama gurudumu la chuma. Halikuvimba popote.

Angeweza kubonyeza valvu, upepo utoke kidogo tu, fsss, na mambo yakawa sawa. Lakini kidole hakikwenda. Aliona kama akiutoa ule upepo, atakuwa amekubaliana na daktari. Mwenye mabega kama kabati atakuwa ameondoka kweli, na yeye ndiye atakayekuwa amempungia mkono.

"Limevimba shavu?"

Alizima tochi. "Limevimba. Nenda."

Akasema hivyo kesho yake, na keshokutwa. Bonge akawa anatoka, sanduku likigongagonga nyuma zaidi kuliko zamani.

Alianguka kwenye kona yenye changarawe, karibu na nyumba ya mteja. Gurudumu la nyuma liliteleza upande, likamlaza chini, nyonga ikavunjika. Washonaji wawili walimfunika kwa kitambaa kipya ambacho hakijashonwa, wakamshikia kichwa mpaka gari lilipokuja.

Fundi baiskeli ndiye aliyeirudisha baiskeli nyumbani. Alilibonyeza tairi la nyuma. Akamtazama Bibi, kisha akatazama bawaba za mlango.

"Mlango wenu unalia, shemeji," alisema. Akatoa grisi mfukoni, akaupaka taratibu pande zote, akaondoka bila kusema jambo jingine. Bibi alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia mpaka chai ikapoa.

Hospitali alikolazwa Bonge haikuwa mbali kwa mwenye magoti mazima. Bibi hakuwa nayo. Lakini baiskeli alikuwa akiijua tangu usichana, na baiskeli ilikuwepo. Asubuhi iliyofuata alibonyeza valvu, sasa ambapo haikumsaidia tena mtu, akautoa upepo wa Bonge. Mlio ulikuwa mrefu. Kisha akajaza wake, lakini mkono ulikuwa na hofu. Kila mshale ulipopanda aliona changarawe. Akaacha mapema, akaifunga pampu kwenye keria, akapanda.

Tairi liliyumba chini yake kama godoro. Kwenye tuta la kwanza alisikia rimu ikigonga, ko. Akashuka, akasukuma njia yote iliyobaki.

Wodi ilikuwa ghorofa ya chini, na nesi alikuwa amekisogeza kitanda cha Bonge dirishani bila kuombwa, ili apate kitu cha kutazama. Kwa hiyo alimwona mkewe tangu getini.

"Nani amekuruhusu kutoka na tairi limelala hivyo?" alisema Bonge, Bibi alipoingia. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini masihara yalikuwa yaleyale. "Kwa mwili huo?"

"Mwili gani? Nimekonda kwa kukuwaza."

"Umekonda wapi, mama watoto? Baiskeli inatembelea rimu."

Alicheka, akakatishwa na maumivu. Bibi alimnawisha uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mashavu ya mumewe yalikuwa yameingia ndani, mifupa ikimgusa mkononi.

"Baba watoto," alisema, "lile tairi halikuvimba. Siku zote zile. Niliona."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ile ya kwanza ulizima tochi haraka. Na njiani nilirukaruka kama punje kwenye ungo. Fundi wa mashine nisijue?"

"Mbona basi hukuutoa upepo hukohuko njiani?"

"Ungeamka asubuhi ukaukuta umepungua. Ungejua kwamba nimejua. Nikaona, acha huyu mama awe na mume mnene siku mbili tatu zaidi."

Bibi aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono wa mumewe ukaja juu ya nywele zake, mwepesi, mwepesi mno, na yeye akaulaani wepesi ule kimoyomoyo.

Saa ya kuwatazama wagonjwa ilipoisha, nesi alijifanya ana kazi upande wa pili.

"Pampu umekuja nayo?" aliuliza Bonge.

"Ipo nje."

"Leta baiskeli hapa chini ya dirisha."

Akaileta. Fyoo, fyoo, fyoo. Wagonjwa wengine waligeuza vichwa. Bibi akapanda, akashika kizingiti cha dirisha, akaweka miguu juu ya pedali. Nesi akaja akamwinua Bonge mgongo kwa mto, akamshikilia mabegani ili aweze kuchungulia.

"Bado," alisema Bonge. "Ongeza."

Akashuka, akaongeza, akapanda tena.

"Limevimba shavu?" aliuliza Bibi.

Bonge alitazama tairi, akatazama mkono wa mkewe kwenye kizingiti, akauwekea wake juu.

"Limevimba," alisema. "Limekaa sawasawa."

Bibi akangoja lile neno jingine, 'Nenda'. Halikuja. Nesi alikuwa akimlaza chini polepole, na kutoka kwenye shuka nyeupe, mahali ambapo Bibi hakuweza tena kumwona, sauti ilitoka.

"Kesho uje tena, mama watoto. Uje nikutazamie."